Kardinali Laurean Rugambwa: Mchungaji Aliyehamishwa



Katika parokia za pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Yombo upande wa Temeke hadi Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni, jina la Kardinali Rugambwa linasikika zaidi kama jina la majengo. Mgonjwa anapelekwa Rugambwa pale Ukonga, binti anapangiwa shule Rugambwa kule Bukoba. Wengi wa rika letu walizaliwa baada yake au walikuwa wachanga alipofariki, na tangu mwaka 2023, Protase Rugambwa wa Tabora alipofanywa kardinali, mkanganyiko umezidi. Wapo waumini wanaodhani ni mtu yuleyule. Si yeye. Tunayemzungumzia hapa ni Laurean, mtoto wa Bukongo, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama zetu kuingizwa katika Baraza la Makardinali.

Habari za heshima zake zimeandikwa mara nyingi, na sisi tutazipita haraka. Kinachotuvuta ni upande mwingine wa maisha yake: kazi alizozianza zikaishia mikononi mwa wengine, na mahali alipopazoea pakabadilishwa na barua kutoka Roma. Jambo hili linatugusa sisi mafrateri kwa karibu. Maisha ya seminari yamepangwa kama reli: miaka ya falsafa, mwaka wa uchungaji, miaka ya teolojia, ushemasi, upadre. Unaweza kuhesabu hata mwezi. Kisha siku moja mwenzenu anaitwa ofisini kwa gombera, na jioni kitanda chake kiko wazi. Nje ya ukuta wa seminari mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Familia inajenga chumba kimoja kimoja kwa miaka kumi, halafu barabara inapanuliwa na alama nyekundu ya X inachorwa ukutani. Waliokuwa wakikaa Kimara mwaka 2017 hawahitaji kuelezwa.

Katika misiba na katika majanga kama hayo tumezoea kuambiana kwamba Mungu ana mpango wake. Ni kweli ya imani, lakini imezoeleka hadi imekuwa nyepesi mdomoni. Anayesoma falsafa anafundishwa kuuliza: mpango upi, na sisi tumeujuaje? Tukikosa jibu la haraka, inafaa tutazame mtu aliyepitia hayo, tuone alifanya nini siku iliyofuata.

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 kijijini Bukongo, upande wa Rutabo, katika nchi ya Wahaya, katika familia yenye nasaba ya kitawala. Kwa Kihaya kugamba ni kusema, na jina lake ni la mtu anayesemwa, mwenye kutajwa. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Alipokuwa na miaka miwili vita kuu ya kwanza ilianza, na Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaushambulia mji wa Bukoba na kuharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Kabla mtoto huyu hajajua kusoma, bendera ilikuwa imebadilika. Kizazi chake kilijifunza mapema kwamba mambo yanayoonekana ya kudumu yanaweza kuondoka kati ya masika moja na nyingine.

Alibatizwa pamoja na wazazi wake tarehe 19 Machi 1921, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Tunaiweka tarehe hii mbele ya msomaji kwa makusudi. Yosefu ni yule seremala aliyekuwa na mpango wa ndoa ya kawaida, ukavunjwa katika ndoto. Akapanga kukaa Bethlehemu, akaamshwa usiku kwenda Misri. Akataka kurudi Uyahudi, akaishia Nazareti. Injili haikuhifadhi hata neno moja alilotamka. Inatuambia tu kwamba aliamka akafanya.

Kijana Laurean alisoma seminari ndogo ya Rubya, kisha seminari kuu ya Katigondo, Uganda, ambako mapadre wengi wa ukanda wa ziwa waliandaliwa. Alipadrishwa tarehe 12 Desemba 1943, akiwa na miaka 31, vita kuu ya pili ikiendelea. Alifanya kazi ya parokia kwa miaka kadhaa, kisha akapelekwa Roma kusoma sheria za Kanisa, akamaliza shahada ya udaktari mwaka 1951. Desemba mwaka huohuo aliteuliwa kuwa askofu, na tarehe 10 Februari 1952 akawekwa wakfu. Alikuwa na miaka 39, na padre wa miaka minane tu.

Eneo alilopewa liliitwa Vikarieti ya Kitume ya Kagera ya Chini, lililomegwa kutoka Bukoba na kukabidhiwa kwa mapadre Waafrika. Mwaka 1953 likawa Jimbo la Rutabo. Lilikuwa dogo, lakini macho yaliyolitazama yalikuwa mengi. Katika Afrika Mashariki, Askofu Yosefu Kiwanuka wa Masaka ndiye aliyekuwa amemtangulia, tangu 1939. Wapo waliokuwa na shaka kama Mwafrika anaweza kuongoza jimbo, na shaka ya namna hiyo haijibiwi kwa mjadala. Inajibiwa kwa vitabu vya hesabu vilivyo safi, mapadre wanaolipwa posho zao, na vigango vinavyotembelewa mvua ikinyesha.

Tarehe 28 Machi 1960 Baba Mtakatifu Yohane XXIII alimfanya kardinali, katika kundi moja na Peter Doi wa Japani na Rufino Santos wa Ufilipino. Alikuwa na miaka 47, na Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na mwaka 1963 aliingia katika konklave iliyomchagua Paulo VI. Huko Bukoba, jina ambalo jimbo lake lilichukua mwaka 1960, alianzisha shule ya sekondari ya wasichana, iliyokuja kujulikana kwa jina lake, wakati ambapo mzazi mwenye ada ya mtoto mmoja kwa kawaida alimpeleka mvulana.

Tunafika sasa Desemba 1968. Tarehe 19 ya mwezi huo Papa Paulo VI alimteua kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Ukisoma kwa juu unaona mtu anapandishwa kwenda mji mkuu. Ukisoma taratibu unaona kitu kingine. Cheo hakikuongezeka cha kumvutia mtu wa vyeo, kwani kardinali alikuwa tayari. Alichoacha kilikuwa kingi: jimbo alilolilea tangu kuzaliwa kwake, karibu miaka 17, lugha ya mama yake, nchi ambayo Ukatoliki ulikuwa umeota mizizi vijijini, mapadre aliowajua tangu wakiwa wanafunzi. Alikuwa na miaka 56. Katika umri huo mtu huanza kuvuna alichopanda, na yeye aliambiwa aache shamba aende kulima lingine, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka kwao.

Shamba jipya lilikuwa na udongo wake. Wabenediktini walianza Pugu mwaka 1888, na Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misioni ile ilivamiwa na baadhi ya watawa wakauawa. Walioendelea baada yao walijenga Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale bandarini. Ndiyo, Yosefu yuleyule wa siku ya ubatizo wake. Hatutaki kulitia jambo hili maana kubwa kuliko linavyobeba, lakini tumelipenda. Kuanzia 1921 kazi ilishikwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, na Askofu Mkuu Edgar Maranta aliongoza hadi alipostaafu 1966. Miaka miwili kiti kilikuwa wazi. Rugambwa alikuwa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, katika mji wa pwani wenye historia ndefu ya Uislamu, ambamo Mkatoliki wa kawaida alikuwa mtu wa kuja: Mluguru, Mngoni, Mhaya, Mchaga, Mpogoro aliyefuata kazi bandarini, kiwandani au kwa Wahindi. Kumbe mchungaji naye alikuwa mtu wa kuja. Huenda hilo lilimsaidia.

Sensa ya 1967 ilihesabu watu karibu 273,000 mjini. Ya mwaka 1988 ilihesabu zaidi ya 1,360,000. Maana yake ni kwamba katika kipindi chake mji uliongezeka karibu mara tano, na ongezeko hilo halikukaa Posta wala Oysterbay. Lilikaa Manzese, Tandale, Mburahati, Temeke, Tandika, Mbagala, Ukonga. Mipango ya Kanisa iliyochorwa kwa ajili ya mji mdogo wa bandari ilipitwa kabla wino haujakauka.

Na kabla hata hajazoea joto la pwani, likaja pigo la shule. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za mashirika ya dini chini ya Serikali. Chuo cha Mtakatifu Fransisko Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kujiuzulu mwaka 1955, kikawa shule ya Serikali. Kule Bukoba, shule ya wasichana aliyoianzisha yeye mwenyewe ikawa ya Serikali pia. Tujaribu kulipima jambo hili. Rugambwa alipoteza pande zote mbili kwa wakati mmoja: jimbo alilolipokea lilinyang'anywa shule zake, na jimbo aliloliacha likanyang'anywa shule yake. Na aliyekuwa akiongoza Serikali hiyo alikuwa Mkatoliki wa Misa ya kila siku, muumini katika jimbo lake.

Wapo hadi leo wanaosema Kanisa lilikuwa kimya mno, kwamba kardinali mwenye jina kubwa duniani angeweza kupaza sauti ikasikika Roma na London. Hoja hiyo ina uzito na hatutaki kuifuta kwa maji ya baraka. Mali ile ilijengwa kwa sadaka za watu maskini wa hapa na wa ng'ambo, na baadhi ya shule zilidhoofika baadaye. Upande wa pili upo vilevile: watoto wengi wa Kiislamu na wa familia zisizo na dini waliingia katika madarasa ambayo kabla hayakuwa yao kwa urahisi, na nchi changa ilihitaji kusoma pamoja. Sisi tunaelekea kuona kwamba alichagua kutotumia nguvu zake zote kupigania kilichokwisha kuondoka. Hatukuwepo, na hatutaki kumwekea mawazo kichwani. Tunachoweza kukiona ni kazi iliyofuata.

Ukonga, kwenye barabara ya Pugu, mbali na mji wa wakati ule, alianzisha hospitali, ya kwanza ya Kanisa Katoliki katika jimbo hilo. Alianzisha pia shirika la masista wenye roho ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Msomaji aone ujasiri uliomo. Mtu ambaye shule yake imechukuliwa jana anajenga hospitali katika nchi ileile, chini ya siasa ileile. Nayo ingeweza kuchukuliwa. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Za dini ziliachwa, lakini hakuna aliyekuwa na hati ya uhakika kuhusu kesho. Mfanyabiashara mwenye akili angesubiri hali itulie. Yeye alijenga.

Thomas wa Akwino anafundisha kwamba Mungu anauongoza ulimwengu akivitumia viumbe vyake kama visababishi vya kweli, wala si kama vinyago vinavyovutwa kwa kamba. Darasani tunaijibu hoja hii katika mtihani na kupata alama. Mtaani ni ngumu zaidi. Kumwamini Mungu kwa namna hiyo hakumaanishi kungoja mpango ushuke ukiwa umekamilika. Kunamaanisha kuweka tofali la leo kwa uangalifu wote, ukijua kwamba huna mamlaka juu ya nani atalala chini ya paa. Binti aliyesoma Rugambwa chini ya Serikali alisoma kweli. Alichokusudia mwanzilishi, kwamba msichana wa Buhaya afike sekondari, kiliendelea kutimia bila jina la mwenye shule kwenye hati.

Miaka ya sabini maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, waliamua jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe njia kuu ya uchungaji. Mwaka 1976 walilitilia mkazo katika mkutano wao wa Nairobi. Kwa Dar es Salaam iliyofurika watu, uamuzi huu ulikuja kwa wakati. Ukikosa fedha za kujenga kanisa kila mtaa, sebule ya mama wa Tandika inatosha, na mkeka, na taa ya kandili. Kanisa lililopoteza madarasa lilijikuta nyumbani mwa watu. Leo mtu akihamia Mbagala kutoka mkoani, anayemjua wa kwanza mara nyingi ni mwenyekiti wa jumuiya, na ndiye anayejua kwamba mgeni huyu ana mtoto mgonjwa.

Mwaka 1978 ulimjaribu kwa namna nyingine. Aliingia konklave mbili, ya Agosti na ya Oktoba, na tarehe 16 Oktoba akashuhudia kuchaguliwa kwa Yohane Paulo II. Wiki mbili baadaye majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakafika mpaka daraja la Kyaka. Watu wa mkoa wake wa asili walikimbia makazi, na yeye alikuwa mchungaji wa mahali pengine. Padre yeyote aliyewahi kupigiwa simu ya msiba wa kwao siku ya Jumapili asubuhi, kabla ya Misa ya kwanza, anaelewa.

Vita viliisha, ikaja miaka ya foleni: sukari, sabuni, unga wa mahindi. Jimbo liliendelea. Septemba 1990 alimpokea Papa Yohane Paulo II jijini. Sheria ya Kanisa ya 1983, ambayo yeye kama mwanasheria aliijua vizuri kuliko wengi, inamtaka askofu aombe kustaafu anapotimiza miaka 75. Alitimiza umri huo Julai 1987, na ombi lake lilikubaliwa tarehe 22 Julai 1992, siku kumi baada ya kufikisha 80. Polycarp Pengo, aliyekuwa Askofu Mkuu Mwandamizi tangu 1990, akashika nafasi. Mwaka huohuo wa 1992, mwezi Februari, Serikali na makanisa yalikuwa yametiliana saini makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita tangu shule zichukuliwe. Zilizochukuliwa hazikurudi zote, na Sekondari ya Rugambwa hadi leo ni ya Serikali, wasichana wanasoma humo.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, akiwa na miaka 85. Alirudishwa nyumbani Bukoba. Hata hapo mambo hayakwenda moja kwa moja: kanisa kuu la Bukoba, ambamo alipaswa kulazwa, lilikuwa katika matengenezo makubwa. Akazikwa kwa muda Kashozi, misioni ya zamani kuliko zote katika eneo hilo, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1892.

Muda huo ulichukua karibu miaka 15. Tarehe 6 Oktoba 2012, mwaka wa 100 tangu kuzaliwa kwake, mabaki yake yalitolewa Kashozi na kuingizwa katika kanisa kuu la jimbo aliloondoka Desemba 1968.